Gurudumu la Mbele

Delfina Bellan alilitambua gurudumu kabla hata hajamsalimu mwenye duka. Lilikuwa limetundikwa kwenye ndoano nyuma ya kaunta, spoki zake zimelegezwa nusu, na chini yake, sakafuni, kilikuwa kimeanguka kipande cha pazia lake mwenyewe, lile la maua ya bluu lililokuwa jikoni zamani. Kipande kile alikichana yeye. Gurudumu lile alilifungia humo yeye, juzi tu, akamkabidhi Sante, rafiki wa mumewe, mlangoni na kumwambia aliangalie lisipate unyevu njiani.

Alikuwa amekuja mjini Adria kwa basi kununua kopo la grisi. Ottorino, mumewe, ambaye wote walimwita Rino, alisema gari haliwaki kwa baridi, na hata likiwaka, nani mwenye akili timamu atakayeendesha katika ukungu huu? Ni kweli, ukungu wa Januari kando ya mto Adige si wa kufanyia mchezo. Delfina hakuuliza zaidi. Alijifunga shali, akaenda kituoni.

"Karibu, bi Delfina," alisema Ivano, fundi mwenye duka. Kisha akafuata macho ya mama yule mpaka ukutani, na uso ukamwiva.

"Hilo si la Sante?"

"La Sante, ndiyo."

"Limefanya nini tena? Rino amelimaliza juzi."

Ivano alijifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena. "Limepinda kidogo."

"Kidogo?"

Mtu wa makamo alikuwa Ivano, lakini kupiga spoki alifundishwa na huyo huyo Ottorino, enzi hizo akiwa mvulana mwenye chunusi, na mbele ya mke wa mwalimu wake uongo haukumtoka. Aliligusa gurudumu kwa kidole, likazunguka, na katika kuzunguka likayumba kushoto na kulia kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake.

"Yapo mengine?" aliuliza Delfina.

"Mama, sikutaka ujue hivi."

"Nimekuuliza kama yapo mengine."

"Yote," alisema Ivano, akiongea na kaunta. "Tangu baridi ianze. Sante na wenzake wanayachukua kwenu, wanayaleta kwangu. Nayafungua, nayapanga upya. Sante analipia, ingawa mimi nilikataa. Yule ni mwalimu wangu."

Alimletea kopo la grisi. Delfina alipofungua pochi, Ivano akatikisa mkono: achana nayo, mama, chukua tu. Neno lile la wema ndilo lililomchoma kuliko yote. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpa mke wa Ottorino kitu cha bure kwenye duka la baiskeli. Aliweka fedha mezani, akaokota kipande chake cha pazia, akakikunja vizuri na kukitia mfukoni.

Ndani ya basi, madirisha meupe kwa ukungu, mambo yalianza kujipanga yenyewe kichwani mwake. Kahawa iliyomwagika nje ya kikombe, na Ottorino kulaumu birika. Gazeti aliloliacha kulisoma, akisema limejaa uongo mtupu. Karata alizokataa kucheza, eti Sante anaiba. Na yule jirani aliyempita kanisani kama hakumwona, mpaka jirani alipokohoa, ndipo Ottorino akageuka na kumkumbatia kwa furaha iliyopita kiasi. Kila kimoja Delfina alikuwa amekiona. Kila kimoja alikuwa amekifukia, kwa sababu mtu akifikia umri wao, akianza kuchimba hajui atakutana na nini.

*

Hakupitiliza nyumbani. Alishukia kwa Sante, akamkuta gereji akipaka rangi fremu ya baiskeli, masharubu yake yana madoa mekundu.

"Shemeji! Kaa, kuna kiti hapo."

"Sitaki kukaa." Alimtolea kile kipande cha pazia. "Nimekikuta sakafuni kwa Ivano."

Sante alikitazama, akaiweka brashi chini.

"Kwa hiyo mnakuja kwangu," alisema Delfina, "mnakaa kwenye benchi langu, mnakunywa divai yangu ya moto, mnamsifu mume wangu kwamba hana mfano kutoka hapa mpaka Ferrara. Halafu mnatoka hapo mnakwenda kubomoa alichojenga."

"Shemeji, ungependa tufanyeje?"

"Mngesema!"

"Kwa nani? Kwake?" Sante aliketi mwenyewe kwenye kile kiti. "Unakumbuka kiwanda cha sukari kilipofungwa? Unakumbuka alivyokuwa ule mwaka wa kwanza? Alikuwa anakaa dirishani hata hanyoi ndevu. Ni hizi baiskeli zilizomtoa pale. Kila baridi anapata mabati yenye kutu, ikifika masika anatoa kitu kinachong'aa. Ukimnyang'anya hizo, atabaki na nini? Tukaona tufunike kombe mwanaharamu apite."

"Ni macho?"

"Ni macho. Siku moja alikuwa anatafuta spana ya spoki, iko mezani mbele ya pua yake. Anaitazama kabisa, haioni. Akageuza kichwa pembeni, kama kuku anavyotazama punje, ndipo akaichukua. Nadhani kitu anachokikodolea ndicho kinachopotea."

"Na hakuniambia."

"Basi hakutaka ujue."

Delfina alisimama pale, harufu ya rangi ikimpanda kichwani. Alikuwa amekuja na maneno mengi, makali, na sasa hakupata pa kuyaweka. Akawazia jioni hiyo akiingia jikoni na kumwambia Ottorino: wenzako wanakuhurumia, magurudumu yako ni mabovu, umekuwa mtoto wa kutungiwa hadithi. Akauona uso wake. Hakuweza.

"Linalofuata ni la nani?" aliuliza mwishoni.

"La Onorio. Wiki ijayo."

"Usiende kwa Ivano na gari lako, Rino anaujua mlio wake, atajua umeelekea mjini. Nitalipeleka mimi kwa basi."

Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Na yeye akaingia kwenye njama.

*

Februari ilipita na ugali wa mahindi, samaki mkavu wa chumvi na uongo mdogo mdogo. Ottorino alikuwa akishinda bandani, pale palipokuwa zizi la ng'ombe wa baba yake, jiko la kuni likinguruma, redio ikiimba. Delfina akimpelekea kahawa alimkuta ameinamia gurudumu, sikio karibu na spoki, akizigonga moja moja kwa kucha na kusikiliza mlio wake kama mtu anayetafuta nazi iliyokomaa. Mikono yake ilikuwa bado na ufundi wake wote. Pengine, alijiambia Delfina, mikono ingetosha.

"Sante anasema lake linakwenda kama maji," alimwambia wakila.

"Amesema hivyo?"

"Kwa maneno yake mwenyewe."

Ottorino alitabasamu, akautafuta mkate kwa vidole, akaupata. "Sante mchoyo wa sifa yule. Akisema kama maji, ujue ni kama mafuta."

Siku nyingine alijaribu kupita njia ya mlango wa nyuma.

"Rino, nataka kwenda kwa daktari wa macho. Miwani hii hainisaidii tena. Nisindikize, na wewe akuangalie mara moja."

"Nenda wewe. Mimi naona hata kiroboto mgongoni mwa paka."

"Hatuna paka."

"Ndiyo maana sijakuonyesha."

Akacheka, naye Delfina akacheka, na neno la daktari likafa pale mezani. Angeweza kulifufua. Baadaye, alipokuwa amelala chali hana la kufanya ila kufikiri, alilirudia lile tukio mara nyingi: jinsi mlango ulivyokuwa wazi kidogo, na jinsi alivyousukuma ukafungika kwa kucheka.

Kulikuwa na kitu kingine bandani, nyuma kabisa, kimefunikwa turubai. Ottorino alimkataza kukisogelea. "Hicho si cha wanaume," alisema, akafurahi kwa fumbo lake. Delfina alidhani ni baiskeli ya binti yao, Loretta, anayekaa Padova.

*

Siku ya Mtakatifu Yosefu, mwezi wa Machi, jua lilitoka. Delfina alikaanga maandazi ya zabibu kavu, na Sante na Onorio walikuja na chupa, wakaketi uani na makoti yao. Walipokwisha kula, Ottorino aliinuka, akaingia bandani, akatoka akisukuma baiskeli ya kike.

Ilikuwa nyeusi, imepigwa mistari ya dhahabu, ina wavu wa nyuzi juu ya gurudumu la nyuma wa kuzuia sketi isinaswe. Delfina aliacha sahani. Aliijua. Juu ya bamba la mbele la kuzuia tope palikuwa na kibonyeo, na kibonyeo kile alikipiga yeye mwenyewe kwenye lango la kiwanda cha sukari, asubuhi aliyogeuka kumtazama kijana mmoja wa idara ya mitambo badala ya kutazama njia.

"Rino. Umeipata wapi?"

"Kwenye banda la kuku, kwa akina Zanella. Kuku walikuwa wanaitagia. Nilipopitisha mkono hapa kwenye kibonyeo," akakishika, "nikajua."

"Umeifanya lini?"

"Majira yote ya baridi. Wenzangu hawakuwa wanajua." Aliunyosha mgongo. "Hii hakuna aliyeigusa ila mimi."

Delfina na Sante walitazamana juu ya chupa. Hii haikuwa imepita kwa Ivano.

Sante aliinuka upesi. "Rino, ni malaika hii! Hebu ngoja nizitazame breki."

"Breki nimezifunga mimi."

"Basi niende nayo kwangu, niipake mkono mmoja wa mwisho. Hapa kwenye uma unaoshika gurudumu rangi imelegea."

"Rangi imekauka na haijalegea. Sante, kaa chini unywe. Delfina, panda."

Delfina alilitazama gurudumu la mbele. Upande mmoja, kati ya ringi na uma, kidole kingepita. Upande wa pili usingepitisha unywele. Hakuwa fundi, lakini alikuwa ameyabeba magurudumu ya kutosha msimu ule hata akajua anachokiona.

"Goti langu, Rino. Niache mpaka kesho."

"Goti? Jana ulipanda ngazi mpaka darini."

"Ndiyo maana linauma."

Hakumjibu. Alibaki amesimama, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye tandiko, kichwa ameinamisha pembeni kidogo, akimsubiri. Alikuwa amevaa tai. Delfina hakuwa ameiona ile tai tangu harusi ya Loretta. Mtu amevaa tai kukupa baiskeli yako ya usichana, utamwambia nini? Alijifuta mafuta ya maandazi, akakusanya sketi, akapanda.

Na ukweli usemwe: kwa muda mfupi alifurahi. Alitoka langoni, gurudumu likisugua uma na kulia fya, fya, fya, akapanda taratibu mpaka juu ya tuta la mto. Kule juu palikuwa na upepo na maji ya kahawia yakienda baharini, na mwili ukakumbuka wenyewe, bila kuulizwa. Alipiga kengele. Kutoka uani Ottorino akapiga makofi kuifuata kengele. Labda, aliwaza Delfina, labda tulikosea sisi sote. Akageuza, akaanza kushuka.

Katikati ya mteremko alishika breki. Gurudumu la mbele likajikunja mara moja kama sahani ya bati iliyokanyagwa, na ardhi ikampiga.

Aliwasikia wakija mbio. Alikuwa amelala ukingoni mwa njia, uso ukielekea nyumbani, hawezi kuusogeza mguu wake, na aliyaona yote. Alimwona Ottorino mbele ya wote, mikono ameitanguliza, tai imerukia begani, akiita, "Delfina! Delfina, uko wapi?" Alikuwa anamtazama moja kwa moja. Akaja moja kwa moja. Akampita. Alikimbia mpaka akaingia kwenye mtaro wa upande wa pili, akasimama humo, maji yakimfika vifundoni, akigeuza kichwa huku na huku na kuita jina la mke wake aliyekuwa nyuma yake.

Onorio alivua kofia, kama mtu aliyeingia msibani. Hakuna aliyejua amwendee nani kwanza.

*

"Shimo," Delfina alimwambia daktari, akamwambia na Loretta, akamwambia na Ottorino. "Niliingia shimo."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Walimpasua, wakamtia vyuma. Loretta alikuja kutoka Padova na hasira ya mtu aliyeogopa sana.

"Mama, kwa umri wako unapanda baiskeli ya makumbusho? Na wewe baba unamtazama tu?"

"Simtazami," alisema Ottorino kutoka kwenye kiti cha kona. Loretta alidhani ni jibu la ujeuri. Delfina alifumba macho.

Siku ya pili Ottorino aliletwa na Sante, lakini akamwacha Sante nje kwenye ukumbi. Alifuata ukingo wa kitanda kwa mkono mpaka akafika kichwani.

"Nimelishika lile gurudumu," alisema.

"Rino, lilikuwa shimo."

"Shimo halifanyi vile. Spoki za kushoto zimekazwa zinataka kukatika. Za kulia unaweza kuanikia nguo. Shimo halikazi spoki, Delfina. Uliliona kabla hujapanda?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alizima kiredio chake.

"Niliona."

"Ukapanda."

"Ulikuwa umesimama pale unanisubiri. Ulivaa tai."

Ottorino aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayehesabiwa makosa yake na kuyakubali. Kisha akauliza kwa sauti ya chini zaidi: "Na la Sante?"

Delfina alivuta shuka mpaka kidevuni.

"La Onorio? Yale mengine?" Akangoja. "Basi ni Ivano. Hapa karibu hakuna mwingine. Maskini, na mimi nilikuwa nasema mwaka huu hata mmoja hajarudi na malalamiko. Nikajiona fundi." Akapapasa mfuko, akatoa leso, hakuitumia. "Na wewe? Ulijua lini?"

"Januari. Siku ile ya grisi."

"Januari," alisema Ottorino.

"Na wewe, Rino? Wewe ulijua lini, ukaninyamazia?"

"Kabla ya baridi, wakati wa kuvuna zabibu. Jicho moja kwanza, baadaye na la pili. Nikikutazama naona ukuta ulio nyuma yako, naona na msalaba juu ya mlango. Wewe pale katikati hupo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeanza kunishika mkono barabarani."

"Ningekushika, ndiyo! Kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya," alisema. "Sasa sioni ubaya wowote."

Alipoinuka kuondoka alifungua mlango usio wake, na muuguzi akamwita kwa upole, kwa ile sauti wanayosemea watoto: "Mzee, mzee, hicho ni choo, mpenzi. Njoo huku." Akamgeuza kwa mabega. Ottorino akamshukuru.

*

Loretta ndiye aliyempeleka kwa daktari wa macho. Alirudi hospitalini peke yake jioni ile, akakaa na koti lake bila kulifungua vifungo.

"Damu inavuja nyuma ya macho," alisema. "Kuna sindano. Wanachoma kwenye jicho lenyewe, haziumi sana. Zinazuia."

"Basi wamchome!"

"Tumechelewa, mama. Kovu limeshakauka katikati. Ataona pembeni, ataona mlango, ataona mtu anakuja. Kusoma, sura za watu, hizo basi." Alivuta pumzi. "Daktari alikasirika, akaniuliza familia ilikuwa wapi. Anasema angekuja wakati wa mavuno angebaki na macho yake. Hata Januari, anasema, hata Februari mwanzoni wangeokoa kitu kwenye lile jicho la kulia."

Loretta hakujua ya Januari. Alikuwa anasimulia tu. Alimpangusa mama yake machozi akidhani ni ya habari mbaya, akamwambia asijilaumu, nani angejua?

"Baba yako alikuwepo daktari aliposema hivyo?" aliuliza Delfina.

"Alikuwa amekaa hapo hapo."

"Akasemaje?"

"Alimwambia daktari kwamba mkewe alimwomba waende, akakataa mwenyewe. Akaomba tuondoke."

Delfina aligeuzia uso ukutani. Afadhali angemlaumu. Lawama mtu hujibu. Hii angeijibu vipi?

*

Alirudi nyumbani mwezi wa Mei, na magongo mawili. Loretta alitaka wahamie Padova, lakini nyumba ya Padova ilikuwa ghorofa ya nne, na mume wa Loretta alilitaja jambo la kuhamia kwao mara moja tu, hakurudia. Kwa hiyo walibaki. Jirani aliwafulia, padre alileta mboga za bustani yake. Ottorino alijifunza kukoroga ugali kwa uzito wa mwiko. Alikuwa mpole mno. Alikuwa akisema asante kwa kila kitu, hata kwa kupitishiwa chumvi, na Delfina aliyeishi naye miaka yote ile akigombana naye kuhusu madirisha na redio, alitamani ampigie kelele japo mara moja. Bandani hakuingia tena. Magurudumu hakuyataja. Sante alipopiga simu, Ottorino alimwambia Delfina aseme yuko kuoga.

Jumapili ya matembezi ya baiskeli za zamani ilifika. Kila mwaka Sante na wenzake walikuwa wakipita hapo mbele, na jezi zao za sufu na kofia za kitambaa, kuelekea tutani. Delfina alitumaini mwaka huu watazunguka njia nyingine. Hawakuzunguka. Walisimama langoni, hawakupiga kengele, hawakuita. Walisimama tu.

"Ni Sante," alisema Delfina kutoka dirishani.

"Najua. Nimesikia anavyokohoa."

Ottorino aliacha mwiko ndani ya sufuria, akafuata ukuta mpaka mlangoni, akatoka uani. Delfina alimwona akienda, mkono mmoja mbele kidogo, mpaka vidole vilipogusa lango. Wanaume wale walivua kofia, ingawa hakuweza kuziona.

"Habari za asubuhi, Rino," alisema Sante.

"Umevaa ile jezi yako yenye matundu?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Inanuka mpaka hapa." Wakacheka kwa woga. Ottorino hakucheka. "Nani amekupigia spoki?"

Ndilo lilikuwa swali la kwanza la kweli kati yao tangu baridi ianze.

"Ivano," alisema Sante.

"Lete."

Sante aliinua baiskeli mbele. Ottorino akalitafuta gurudumu, akalipa msukumo, akainamisha sikio. Aliweka ncha ya kidole pembeni mwa ringi, karibu kabisa bila kuigusa, kama mama anayepima homa ya mtoto aliyelala. Gurudumu likazunguka na kuzunguka. Halikugusa kidole hata mara moja. Alingoja mpaka liliposimama lenyewe.

"Safi," alisema. "Mwambie Ivano nimesema ni safi. Mwambie mimi sikuwahi kupiga zuri kuliko hilo."

"Rino, hilo si kweli."

"Mwambie hivyo hivyo. Nendeni sasa, jua linapanda."

Wakaenda. Alibaki langoni mpaka mlio wa matairi kwenye kokoto ulipokwisha kabisa. Kisha akarudi kwa ukuta ule ule, akaingia jikoni, akaketi mezani, akaweka mikono yake juu ya meza, viganja juu, kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa kuvitunza. Ndipo akalia. Hakuwa amelia hospitalini wala kwa daktari. Sasa alilia kwa kinywa wazi.

Kutoka dirishani mpaka mezani ilikuwa safari kwa mtu wa magongo. Delfina aliifanya. Wiki zote zile alikuwa ametayarisha maelezo: kwamba alimwonea huruma, kwamba alimwogopea lile dirisha na zile ndevu, kwamba hata yeye Ottorino alificha. Yote yalikuwa ya kweli. Alipofika karibu naye, hakulikumbuka hata moja.

"Ungeniambia tu, Delfina," alisema Ottorino.

"Kweli, ningekuambia."

Aliunyosha mkono kumtafuta. Vidole viligonga gongo kwanza, vikalifuata mpaka kwenye mkono wake, vikaushika pale juu ya kiganja, na kuubana. Delfina akaketi. Jikoni ugali ulianza kushika chini ya sufuria, harufu ya kuungua ikajaa chumba, na wote wawili waliisikia, na hakuna aliyenyanyuka.